Barakoa Kwanza, Mashine Baadaye



Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kukoroma. Najua wengine mmekwisha kucheka. Katika jumuiya zetu kukoroma ni jambo la utani. Baba akikoroma usiku, husemwa kwamba ameshiba. Akisinzia wakati wa mahubiri, husemwa kwamba padre amemchosha. Hata katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, tunasoma habari za kijana Eutiko aliyesinzia wakati Mtakatifu Paulo alipohutubu mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka dirishani. Lakini si kila anayesinzia ni mvivu wa sala, na si kila anayekoroma ameshiba. Wako wanaokoroma kwa sababu koo hujifunga usingizini na pumzi hukatika, nao wenyewe hawajui.

Juu ya ugonjwa huu na mashine yake ya kupulizia hewa, ninalo jambo moja la kuwaambia, nalo nimejifunza kwa kukosea. Familia nyingi hutoa fedha zote kwa ajili ya mashine, na barakoa huipokea yoyote iliyomo ndani ya boksi. Mimi nasema ni kinyume. Anzeni na kipimo, halafu barakoa inayomkaa mgonjwa vizuri, ndipo mfikirie mashine.

Ni ugonjwa gani?

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mno, au njia ya hewa yenyewe ni nyembamba kwa sababu ya unene, mafindofindo, taya dogo au umbile tu la kuzaliwa. Hapo njia hujifunga. Kifua kinajitahidi kuvuta hewa lakini hewa haipiti. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni katika damu hushuka, ndipo ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusu nusu. Anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu. Anashangaa tu kwa nini amelala saa nane na bado amechoka.

Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi hukatika au kupungua sana. Mara 5 hadi 14 ni ugonjwa mdogo, 15 hadi 29 ni wa wastani, na 30 au zaidi ni mkali. Hebu fikirini mtu anayeshtuliwa mara 30 kila saa, usiku kucha, mwaka hadi mwaka. Ni ajabu gani basi akisinzia kwenye usukani, akiwa mkali kwa watoto, au shinikizo lake la damu likikataa kushuka ingawa anameza dawa kila siku?

Wengine huamka wakihisi kukabwa, wakasema ni jinamizi au ni mkono wa jirani. Fedha ikaenda kwa waganga, na ujirani ukavunjika. Ndugu zangu, kabla ya kumshuku mtu, mwangalieni mgonjwa akiwa amelala.

Maswali ya kujiuliza

Hospitalini hutumiwa maswali manane mepesi. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukifungwa? Je, unachoka na kusinzia mchana? Je, kuna mtu aliyekuona ukikatika pumzi usingizini? Je, una shinikizo la damu? Je, u mnene sana? Je, umepita miaka 50? Je, shingo yako ina mzunguko unaozidi sentimita 40? Je, u mwanamume? Majibu ya ndiyo yakifika matatu au zaidi, nenda ukaonane na daktari. Kina mama msijione mmesalimika kwa swali la mwisho. Nanyi huugua, hasa baada ya hedhi kukoma.

Swali la tatu mgonjwa hawezi kulijibu peke yake. Shahidi wake ni yule anayelala naye. Kwa hiyo, baba, unapokwenda kwa daktari, nenda na mama. Yeye ndiye aliyekesha akikuhesabia pumzi.

Kosa langu

Miaka michache iliyopita alikuja kwetu dereva mmoja wa lori, mtu wa makamo, mpole, mwenye ndevu nyingi. Alikwisha kupimwa katika hospitali ya mjini na ugonjwa wake ulikuwa mkali. Watoto wake walio ng'ambo walichanga fedha wakamtumia mashine mpya, nzuri kabisa. Barakoa nayo waliichagua kwenye picha: ile kubwa inayofunika pua na mdomo. Waliona kwamba ndiyo iliyo kamili.

Alipokuja mara ya kwanza alilalamika. Alisema inambana, inampulizia hewa machoni, na kila akijigeuza inapiga filimbi mpaka mama anahamia chumba cha watoto. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Nilikaza kamba za kichwani, nikamwambia, "Baba, vumilia, utazoea." Alinishukuru kwa heshima akaenda zake. Hakurudi tena kulalamika, nami nikadhani amezoea.

Miezi mitatu baadaye aliletwa kwetu amevunjika mguu. Lori lilikuwa limeacha njia alfajiri, mahali palipo wima kama rula, pasipo kona wala shimo. Kwa neema ya Mungu hapakuwa na mtu kando ya barabara. Mke wake aliniletea ile mashine ikiwa ndani ya boksi lake. Mashine hizi huandika zenyewe saa zilizotumika. Nilipoiwasha ilionyesha kwamba aliitumia siku sita tu, na siku ya mwisho ilikuwa ile ile niliyomwambia avumilie.

Methali husema mvumilivu hula mbivu. Lakini kuna mambo ya kuvumilia na kuna mambo ya kurekebisha. Kiatu kinachobana hakitengenezwi kwa kumwambia mwenye mguu avumilie. Hewa ilivuja kwa sababu ya ndevu, na mimi kwa kukaza kamba nilimwongezea maumivu bila kuziba uvujaji. Tulimpatia barakoa ndogo ya puani, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Usiku ule, wodini, alilala saa tano bila kuivua. Asubuhi aliniuliza kama tulimpa dawa ya usingizi.

Tangu siku hiyo neno "vumilia" nimeliondoa kinywani mwangu mtu anapolalamikia barakoa. Mahali pake nauliza, "Inakuumiza wapi?"

Mashine hii hufanya nini?

Mashine ya aina hii ilianza huko Sydney, Australia, mwaka 1980, kwa kazi ya daktari Colin Sullivan. Mwaka 1981 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa wao watano wa kwanza. Haitoi dawa wala oksijeni. Huvuta hewa ile ile ya chumbani, huichuja, na kuisukuma taratibu kupitia mpira hadi kwenye barakoa. Msukumo huo huizuia njia ya koo isijifunge, kama upepo unavyoutanua mfuko usishikamane.

Msiichanganye na mashine ya mvuke ya wagonjwa wa pumu, wala na mtambo wa oksijeni ambao familia nyingine ziliununua wakati wa Korona. Oksijeni haifungui koo lililojifunga. Tena mashine hii haiponyi kabisa. Hufanya kazi usiku ule inapovaliwa, na isipovaliwa ugonjwa unarudi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,600 wenye ugonjwa huu pamoja na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine waliivaa kwa wastani wa saa 3 na dakika 18 tu kwa usiku. Kusinzia mchana kulipungua, lakini shtuko la moyo na kiharusi havikupungua. Ndiyo maana nasema saa za kuvaliwa ndizo mali yenyewe. Na kinachozileta au kuzifukuza saa hizo mara nyingi ni barakoa.

Kuchagua barakoa

Aina kuu ni tatu. Ya kwanza hukaa kwenye matundu ya pua tu, kwa vijimto viwili laini. Ni nyepesi, haizibi macho, huwafaa wenye ndevu na wenye hofu ya kufunikwa uso. Msukumo wa hewa ukiwa mkubwa, huweza kukera pua. Ya pili hufunika pua nzima, nayo huwafaa watu wengi. Ya tatu hufunika pua na mdomo. Inahitajika kwa mtu ambaye kweli hawezi kupumua kwa pua, lakini huvuja kwa urahisi zaidi, na mara nyingi hudai msukumo mkubwa wa hewa. Kwa maoni yangu, mtu anayeanza ajaribu kwanza za puani. Kama pua imeziba kwa mafua ya siku zote au mzio, atibiwe pua kwanza.

Barakoa ijaribiwe mgonjwa akiwa amelala chali na kisha ubavu, hewa ikiwa inapuliza, si amesimama dukani. Uso ukilala hubadilika. Kamba zikazwe kiasi cha kuzuia hewa isivuje tu. Ikiacha alama inayodumu au kidonda juu ya pua, ukubwa wake si sahihi. Muulizeni muuzaji kabla ya kulipa kama atakubali kuibadilisha kwa saizi nyingine. Akikataa, tafuteni mwingine.

Kuna hatari mbili za kuangalia. Kwanza, kila barakoa ya kazi hii sharti iwe na matundu madogo ya kutolea hewa chafu, ama yenyewe ama kwenye kiungo chake. Msiyazibe kamwe, hata kama yanapiga kelele. Barakoa zisizo na matundu ni za mashine nyingine za hospitalini, na kuzitumia nyumbani kunaweza kuua. Pili, barakoa nyingine hufungwa kwa sumaku. Mgonjwa, au mtu anayelala karibu naye, akiwa amewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au chuma fulani mwilini, chagueni isiyo na sumaku.

Kuchagua mashine

Sasa ndipo tufike kwenye mashine. Msukumo wake hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi za nyumbani hutoa kati ya 4 na 20. Iko inayotoa msukumo mmoja usiku wote. Hii huhitaji daktari awe amepata kipimo halisi cha mgonjwa. Iko inayojirekebisha yenyewe kati ya kiwango cha chini na cha juu alivyoagiza daktari. Kwa watu wengi wenye ugonjwa wa kawaida, na hasa wanaoishi mbali na hospitali kubwa, hii ya pili ni rahisi zaidi kuanzia. Lakini mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, au ugonjwa sugu wa mapafu, asijichagulie. Huenda akahitaji mashine ya aina nyingine kabisa.

Katika mashine tazameni mambo manne. Je, inaandika saa za matumizi, uvujaji na mikatiko ya pumzi, ili muuguzi aweze kuona? Je, vichujio vyake vinapatikana? Je, msukumo unaanza taratibu wakati mgonjwa anatafuta usingizi? Je, ina chombo cha maji cha kulainisha hewa? Hicho husaidia wenye pua na koo vinavyokauka. Maji yanayofaa ni yaliyokenekwa. Yakikosekana, maji yaliyochemshwa yakapoa yatasaidia kwa siku chache, ingawa huacha ukoko mweupe. Maji ya betri ya gari msiyaweke. Na chombo kimwagwe na kuoshwa kila siku.

Umeme nao ufikiriwe mapema. Umeme wetu ni wa volti 230. Mashine itokayo Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, huwa na kibandiko kwenye chaja yake. Kikisema 100 hadi 240, mnahitaji kichwa cha plagi tu. Kisiposema hivyo, msiichomeke kabla ya kumwonyesha fundi. Kwa usiku ambao umeme unakatika, mashine nyingi huweza kuendeshwa kwa betri kwa kutumia waya wake maalumu. Mkizima joto la chombo cha maji, betri itadumu zaidi, maana hilo ndilo linalokula umeme mwingi.

Mashine iliyokwisha kutumika si dhambi kuipokea, lakini iulizeni umri wake. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa mamilioni ya mashine zake zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021, zikiwamo DreamStation za toleo la kwanza. Sababu ilikuwa sponji ya kupunguza kelele, ambayo iliweza kumomonyoka na chembe zake kuingia kwa mgonjwa. Ndugu mwema aliyenunua kwa bei ya chini anaweza kuwatumia moja ya hizo bila kujua. Hata iliyo salama ibadilishiwe vichujio, mpira na barakoa, na msukumo wake upangwe upya. Kipimo cha marehemu babu si kipimo chenu.

Majuma ya kwanza

Mgonjwa aanze mchana, ameketi, akiivaa barakoa bila hewa kwa dakika chache huku akisikiliza redio au akisali rozari yake kimya. Kisha awashe hewa. Kisha ajilaze. Usiku aivae tangu anapozima taa, na aivae hata kwa usingizi wa mchana. Ile sehemu laini inayogusa ngozi ioshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ikaushwe kivulini. Baada ya juma moja arudi na mashine yake, si kwa maneno tu. Wakati huo huo aache pombe na vidonge vya usingizi ambavyo hakuandikiwa na daktari anayejua ugonjwa huu, maana hulegeza koo zaidi. Ajitahidi kupunguza uzito, na ajaribu kulala ubavu. Na dereva asirudi kwenye usukani mpaka daktari aridhike kwamba hasinzii tena.

Ombi langu

Ninayo maombi matatu. Kwa watoto mlio mbali mnaowapenda wazazi wenu: msitume mashine kabla ya cheti cha kipimo, wala msichague barakoa kwenye picha. Tumeni fedha za nauli na za kipimo kwanza. Mashine ije mwisho.

Kwa sisi tunaofanya kazi katika hospitali na vituo vya afya vya Kanisa: tuwe na boksi moja la barakoa za aina na saizi mbalimbali, za kuoshwa na kutakaswa, ili mgonjwa ajaribu kabla ya kutoa fedha yake. Tunampima mtu miwani kabla hajailipia. Kwa nini uso wake tusiupime? Gharama ya boksi hilo ni ndogo ikilinganishwa na mashine zilizolala chini ya vitanda katika jimbo letu. Na anayelalamika asikilizwe, hata foleni ikiwa ndefu.

Kwa jumuiya ndogo ndogo: tunajua kuchangia harusi na misiba. Tujue pia kumchangia aliye hai nauli ya kwenda kupimwa. Na tuache kumcheka anayesinzia kanisani. Baada ya Misa, mmoja wetu amfuate kwa upole amuulize mke wake, "Mama, baba akilala, pumzi hukatika?"

Yule dereva mguu wake ulipona, na baada ya miezi kadhaa daktari alimruhusu kurudi kazini. Huivaa barakoa karibu kila usiku. Si kila usiku, maana anasema usiku mwingine umeme hukosa na betri haikuchajiwa. Mke wake amerudi chumbani. Kila tunapokutana mlangoni mwa kanisa hunisalimu kwa uchangamfu, nami kila mara nakumbuka zile siku sita.

Mwenyezi Mungu awajalie usingizi mwema, ninyi na wote mlio nao nyumbani.